Siku Tulipokamata Mikseri Malaba

Nyinyi vijana mnaoingia kwenye mjengo na buti mpya, nina swali moja nataka mlibebe pamoja na chakula chenu cha mchana. Siku ya kwanza, kabla hujainua hata jiwe moja, mwambie aliyekuita kazini: "Wewe ukipotea, nani atanilipa?" Muulize ukimtazama usoni. Akicheka, uliza tena. Akikasirika, chukua mwiko wako urudi nyumbani. Mimi sikuuliza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilikuwa na pima maji yangu mwenyewe, na nilidhani mtu mwenye pima maji hawezi kudanganywa na kitu chochote kilichoinama.

Kwa sababu sikuuliza, Jumamosi moja katikati ya miaka ya sabini nilijikuta nikisukuma mashine ya kukoroga konkriti, mikseri nzima yenye magurudumu mawili na injini ya dizeli, kupanda barabara ya Malaba mbele ya foleni ya malori. Tulikuwa wanaume kumi na wanne. Tulikuwa tunaipeleka polisi. Nitafika huko. Kwanza niwaambie habari ya hiyo pima maji, maana bila hiyo nisingesukuma kitu.

Ilikuwa ya mbao nyekundu, ncha zake mbili zimevishwa shaba, na ndani ya kioo chake kiputo cha hewa kilitembea taratibu kama mtu anayekwenda kanisani akiwa amechelewa na hataki aonekane. Alinipa Mzee Omuse. Mzee Omuse alikuwa Mteso wa Angurai, fundi wa mawe, mfupi, kofia ya kitambaa kichwani mvua na jua. Mimi ni mtu wa Mundika, na nilikwenda kwake nikijua kuchanganya udongo wa kukandika nyumba tu. Alinipokea bila hotuba. Alichota mchanga wa mtoni, akautia mdomoni, akautafuna.

"Tafuna na wewe," akaniambia.

Nikatafuna. Ukilia krr, krr, kama mahindi mabichi, ni mchanga safi. Ukijibandika kwenye meno kama ugali, una udongo, na ukuta wako utapasuka kabla mwenye nyumba hajahamia. Siku hizi kuna watu wa maabara wanapima mchanga kwa chupa. Ni vizuri. Lakini siku chupa ikivunjika, meno mnayo.

Ukuta wangu wa kwanza niliujenga Amukura, ukuta wa duka. Niliujenga kwa furaha nyingi na uzi mmoja uliolegea. Ulipofika kifuani ukatoa tumbo. Mzee Omuse hakunitukana. Aliamuru kila asubuhi, kabla ya kazi, nisimame mbele ya ule ukuta niuamkie.

"Habari ya asubuhi, mama," nilitakiwa kusema. "Mtoto anazaliwa lini?"

Nilisema hivyo asubuhi nne, vibarua wote wakisikiliza, kisha nikaubomoa kwa mikono yangu. Tangu siku hiyo sijawahi kufunga uzi uliolegea. Miaka miwili baadaye, nilipomaliza kona ya jengo peke yangu na yeye akaizunguka mara tatu bila kusema neno, alifungua mfuko wake akanipa pima maji.

"Hii ni ndugu yako," alisema. "Siku utakayoiuza au kuiweka rehani, usiniite mwalimu tena."

Kumbukeni maneno hayo. Mimi niliyakumbuka vizuri sana siku niliyoiweka rehani.

*

Kazi yenyewe ilikuwa nyumba ya ghorofa moja pale Malaba, maduka chini na vyumba juu. Mwenye kazi alikuwa kontrakta mkubwa tuliyemwita Bwana Sospeter, mtu wa tai na gari jeupe. Bwana Sospeter hakupenda kuandika vibarua. Alisema vibarua wanamtia kichefuchefu. Kwa hiyo kazi yote ya mawe na konkriti alimkatia Festo, kontrakta mdogo, na Festo ndiye aliyetuandika sisi. Festo hakuwa na ofisi wala mashine. Alikuwa na miwani ya jua na sauti tamu. Mawe yalikuwa ya Sospeter, simiti ya Sospeter, na nyapara aliyetusimamia kutwa nzima, akituambia vunja hapa, jenga pale, alikuwa wa Sospeter pia. Cha Festo kilikuwa kimoja tu: sisi.

Wiki mbili za mwanzo alitulipa. Wiki ya tatu akasema benki imefungwa. Ya nne akasema mtu wa benki ameoa. Ya tano, Mzee Omuse, ambaye alikuwa mkubwa wetu, alimshika koti akamwambia: "Bosi, hii harusi ya benki inaisha lini?" Festo akatoa karatasi nzuri, akaandika kwa mwandiko wa mapambo: *Mimi nitalipa wote Jumamosi*. Akatia sahihi yenye mkia mrefu. Mzee Omuse akaikunja karatasi akaificha ndani ya kofia yake.

Jumamosi ilipofika Festo hakufika. Tulimwona Jumapili. Tulikuwa tumeteremka mtoni kufua nguo, na mto wa Malaba si mpana. Mtu wa upande huu anaweza kumkopa chumvi mtu wa upande ule. Ng'ambo, katika ardhi ya Uganda, wazee walikuwa wamezunguka chungu cha malwa, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake. Katikati yao, na mrija mrefu kuliko wote, miwani ya jua.

"Festo!" Makokha akapiga kelele. Makokha alikuwa kibarua mwenzangu, mtu wa maneno mengi. Aliwahi kufagia mahakamani miezi mitatu na akatoka na sheria zote za nchi. "Festo! Pesa yetu!"

Festo akatoa mrija mdomoni kwa heshima. Akapunga mkono.

"Jumamosi!" akajibu.

"Jumamosi gani?"

"Hii inayokuja!"

Akarudi kunywa. Jumamosi hiyo ilikuja, na ile ya kufuata. Zikawa wiki sita bila senti.

*

Mtu anaweza kufanya kazi bila mshahara, lakini hawezi kufanya kazi bila maharagwe. Sisi tulikula kwa Mama Nekesa, mwenye hoteli ya mabati karibu na reli. Alikuwa na chapati nzito, maharagwe mazuri, na meza moja ndefu ambayo miguu yake haikuwa sawa. Ilikuwa imeinama kuelekea Uganda. Ukiweka kikombe bila kukishika, chai ilianza safari upande huo, na tulikuwa tukisema inamfuata Festo.

Wiki ya nne bila mshahara Mama Nekesa aliniita pembeni.

"Baba, wewe ni kijana mzuri. Lakini mimi sipiki uzuri."

"Mama, Jumamosi."

"Jumamosi nimeisikia. Leta kitu."

Nilikuwa na suruali mbili, blanketi, na pima maji. Aliikataa suruali. Akalikataa blanketi baada ya kulinusa. Pima maji aliipokea kwa mikono miwili, akaifuta kwa aproni, akaitundika msumarini juu ya sufuria ya maharagwe, mahali ambapo mvuke ulikipanda kile kioo kila siku. Nilikula chapati yangu nikiitazama. Haikuniangalia.

Sasa ikabidi niishi kwa ujanja. Kazini nilianza kutumia mpira wa maji. Mkitaka kuujua: chukua mpira mwembamba, ujaze maji usibaki na hewa, mmoja ashike ncha kona hii, mwingine kona ile, maji yakitulia, yako sawa pande zote mbili, hata kama kuna mlima katikati. Ni njia nzuri kuliko pima maji kwa ukuta mrefu. Lakini Mzee Omuse alinitazama kila asubuhi.

"Pima maji iko wapi?"

"Ipo, mzee. Leo natumia mpira. Mpira hausemi uongo."

"Mpira hausemi uongo," alikubali, na kukaa juu ya jiwe. Wiki hizo mgongo wake ulimsumbua; alikuwa anaelekeza kwa kidole tu, hakushika kazi. Nilimwonea huruma, na nikashukuru ule mgongo, kwa sababu mtu asiyeinama hakagui sana.

Kisha akaniambia jambo lililonikosesha usingizi. Wamisheni wa Amukura walikuwa wamempa kazi ya darasa. Wiki iliyofuata, tukitoka hapa, tungeanza kule, yeye na mimi. "Wewe utasimamia kuta," akasema. "Njoo na ndugu yako." Deni langu kwa Mama Nekesa lilikuwa limeshapanda hadi mahali ambapo pima maji isingeshuka msumarini bila mshahara wa wiki zote sita. Wenzangu walitaka pesa. Mimi nilitaka kile kiputo cha hewa kabla mzee hajaniomba nikionyeshe.

*

Tunafika mikseri. Jumamosi ile tulikuwa tunamwaga kipande cha mwisho cha ngazi. Nyapara alituapia kwamba Bwana Sospeter mwenyewe anakuja na kila kitu kitanyooka. Tukapiga hendeli, mashine ikanguruma, tukatia kokoto, mchanga, simiti, maji. Ilikuwa inazunguka vizuri gari jeupe lilipofika. Tukaizima tusikilize.

Mzee Omuse alivua kofia. "Bwana Sospeter, hawa watu wana wiki sita."

"Sita za nini?"

"Za mshahara."

"Mimi nimemlipa Festo. Kila kitu. Nina risiti."

"Festo yuko Uganda, bosi," Makokha akasema.

"Basi nendeni Uganda. Mimi na nyinyi tunajuana wapi? Nyinyi ni watu wa Festo. Mimi siwajui."

Na huku amesimama juu ya slabu tuliyoimwaga sisi, ndani ya kivuli cha ukuta tulioujenga sisi! Akaingia garini, akapandisha kioo, akaondoka.

Nimeona watu wakikasirika kwa kelele. Sisi tulikasirika kimya, na hiyo ni mbaya zaidi, maana hakuna anayemwambia mwenzake anachofanya. Makokha ndiye aliyezungumza.

"Sheria inasema," akaanza, na sisi wajinga tukamsikiliza, "mtu asipokulipa, shika mali yake. Lakini ukiishika ukaiweka kwako, ni wizi. Ukiipeleka polisi, ni ushahidi."

Mali gani? Tukatazama huku na huku. Gari lilikuwa limekwenda. Mawe yalikuwa ndani ya ukuta. Palibaki mikseri, imekaa pale na tumbo lake kubwa, kama tajiri. Hakuna aliyepiga kura. Tuliondoa mawe chini ya magurudumu, tukashika, tukasukuma.

Kutoka kazini hadi kituo cha polisi si mbali mkitembea. Mkiwa na mikseri ni kama kwenda Nairobi. Barabara ilipanda, jua lilikuwa la saa sita, na foleni ya malori ya kuvuka mpaka ilikuwa imesimama kutwa haina sinema nyingine ila sisi. Utingo mmoja Mganda alining'inia mlangoni akatuita mabwana kwa lugha ya kwao, "Ssebo! Ssebo! Sufuria kubwa hivyo, harusi ya nani?" Dereva mwingine alitaka kujua kama inataga mayai. Mama muuza ndizi alitembea nasi kitambo akitupa moyo na kutuuzia ndizi kwa pamoja.

"Mbona hii kitu ni nzito hivi?" niliuliza, pumzi ikikatika.

"Ni dhuluma," Makokha akasema. "Dhuluma ni nzito."

Jibu zuri sana. Tungefikiri kidogo zaidi.

Kituoni tuliambiwa koplo amekwenda kula. Tukakaa chini ya ukuta wa kituo, mikseri juani mbele yetu. Koplo alikula vizuri, maana alirudi saa tisa. Alikuwa mtu mpole mwenye fimbo ndogo kwapani. Akaizunguka mashine.

"Nani ameleta hii?"

"Sisi, afande."

"Imefanya nini?"

Makokha akamweleza sheria. Koplo alisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa leso, akaanza kufuta vumbi la simiti ubavuni mwa mashine, upande ambao sisi hatukuwa tumeutazama hata siku moja. Herufi zikajitokeza moja moja, kubwa, za rangi ya kijani: *Haji Swaleh, Busia*.

"Huyu ndiye hakuwalipa?"

Tukatikisa vichwa. Haji Swaleh alikuwa mwenye malori Busia mjini, mtu wa msikiti, tulimjua wote kwa jina na hatukumdai kitu. Kumbe Sospeter aliikodi mashine kwake.

"Kwa hiyo," koplo akasema polepole, "mnadai mtu wa gari jeupe, mmekamata mashine ya Haji."

Akanyoosha fimbo yake akagonga tumbo la mikseri. Mikseri tupu ikigongwa hulia ngaaa, kama kengele ya shule. Hii ilisema *du*.

Vijana, pale kituoni palikuwa na watu kumi na wanne wa konkriti. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kuambiwa maana ya ile *du*. Nilimwona Mzee Omuse akifumba macho. Tulikuwa tumeizima mashine na mzigo ndani yake. Kila mmoja alidhani mwenzake ameumwaga. Tukausukuma saa nzima, tukaukalisha juani saa mbili, na sasa ulikuwa jiwe. Ndio maana dhuluma ilikuwa nzito.

"Iko na kitu ndani?" koplo akauliza.

"Ushahidi," Makokha akajibu kwa sauti ndogo.

Hapa niwape somo la kazi, lishikeni kuliko mengine yote. Mikseri ikisimama, iwe kwa ugomvi, kwa mvua, kwa msiba, mimina kwanza. Halafu tia kokoto chache na maji, izungushe, imwage tena. Halafu gombaneni.

*

Haji Swaleh alifika Jumapili asubuhi na lori lake. Alikuwa mzee mrefu, kanzu safi, ndevu chache. Aligonga mara moja kwa kifundo cha kidole. *Du*. Akafunga macho vilevile kama Mzee Omuse, na hapo nikajua kwamba naye anaipenda kazi yake.

"Hata nyinyi, mafundi?" alisema. "Nyinyi?"

Maneno hayo yaliniuma kuliko wiki sita za njaa. Koplo alisema haoni wizi hapo, anaona mambo ya kazi na ujinga, na ujinga hauna kifungu. Akatuandikia barua twende kwa ofisa wa kazi Busia. Jumatatu tukapanda nyuma ya lori la Haji, tumeizunguka mikseri kama watu wanaosindikiza jeneza.

Ofisa wa kazi alikuwa kijana mwenye mafua makali na kalamu ya wino. Mbele ya meza yake aliketi Bwana Sospeter, tai yake imenyooka. Upande mmoja Haji, upande mwingine sisi, wengine tukisikiliza dirishani kwa sababu chumba kilikuwa kidogo.

Mzee Omuse alitoa karatasi ya Festo kofiani. Ofisa akaisoma, akapiga chafya, akairudisha. "Sahihi ni nzuri," akasema, "lakini mwenyewe yuko nje ya mikono yangu." Mzee akairudisha kofiani.

"Bwana Sospeter, hawa ni wafanyakazi wako?"

"Hapana, mheshimiwa. Siwajui. Ni watu wa Festo."

"Una hakika?"

"Kabisa. Andika hivyo."

"Niandike?"

"Andika!"

Ofisa akaandika. Kalamu ililia kwenye karatasi. Sospeter akavuka mguu mmoja juu ya mwingine.

"Haji, na wewe unataka nini?"

"Mimi nataka mashine yangu," Haji akasema. Akaingiza mkono kwenye kanzu, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaifungua taratibu kama mtu anayefungua wasia. "Hii ni karatasi ya kukodi. Bwana Sospeter ametia sahihi hapa. Mimi huwa nakodisha kwa sharti moja. Nisomee, mwanangu, macho yangu mabaya."

Ofisa akasoma: mashine itaguswa na wafanyakazi wa mkodi peke yake. Ikiguswa na mtu mwingine, mkodi atalipa bei ya mashine nzima, mpya.

Ofisa akatazama karatasi ya Haji, akatazama karatasi yake mwenyewe ambayo wino ulikuwa bado unakauka.

"Sasa Bwana Sospeter, nisaidie. Hawa watu wameiendesha mashine wiki nane. Umeniambia si wako."

Mguu wa Sospeter ukateremka.

"Nilikuwa na maana..."

"Kama si wako, unanunulia Haji mikseri mpya. Kama ni wako, wana wiki sita. Mimi sina haraka. Nina mafua, popote nikikaa ni sawa."

"Unaweza kufuta hapo kidogo?"

"Nilitumia wino."

Sospeter alitoa leso. Aliifanyia hesabu bei ya mikseri, midomo ikicheza, kisha akageuka kututazama, na uso wake ukaanza kufunguka kwa upendo mkubwa ambao sijawahi kuuona tena kwa kontrakta yeyote.

"Hawa?" akasema. "Hawa ni watu wangu! Vijana wangu hawa! Tumetoka mbali!"

"Vizuri. Nitajie majina."

"Huyu," akasema, akimshika Makokha bega, "ni Barasa."

"Barasa ni baba yangu," Makokha akasema. "Na yeye pia ulimwacha bila kumlipa?"

"Huyu mzee ni..."

"Omuse," dirisha zima likamnong'oneza.

"Omuse! Ningemsahau Omuse? Na huyu mwembamba ni... ni..."

"Wandera, bosi," nikasema. Kwa kweli nilimwonea huruma.

Ofisa aliweka kalamu chini. Sasa hakuwa anacheka. Alisema maneno ambayo nimeyarudia kwa kila kijana niliyemfundisha. "Nyumba ni kazi yako. Nyapara aliyewaamuru ni wako. Simiti waliyomwaga ni yako. Ulimchagua Festo wewe, si wao. Ukimlipa mtu mbovu, hilo ni shimo lako, huwezi kuwasukumia wao ndani. Utamtafuta Festo wewe, una gari." Akageuka kwetu. "Na nyinyi. Kwa nini hamkuja hapa wiki ya kwanza? Mnajua kusukuma mikseri kwenda polisi, hamjui njia ya mlango wangu?"

Hatukujua, kweli. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba upo. Ndiyo maana nawaambia nyinyi.

Sospeter aliapa atalipa Jumatano, juu ya meza ile ile, mtu mmoja mmoja, kwa jina lake. Haji naye alikuwa na hukumu yake. Alisema hadai pesa kwetu, lakini mafundi waliokalisha konkriti ndani ya mikseri wataitoa wenyewe, bila malipo, hadi igongwe na kulia ngaaa. Mzee Omuse alisema hiyo ni haki, na hakuna aliyebisha.

Siku mbili, uani kwa Haji. Kwa sababu ya wembamba wangu niliingizwa ndani ya tumbo la mashine na tindo na nyundo, wenzangu wakipiga kutoka nje kulegeza. Kama hujawahi kukaa ndani ya ngoma inayopigwa na watu kumi na watatu, huna sababu ya kulalamika juu ya kazi yako. Masikio yangu yaliimba hadi mwisho wa mwezi. Mke wa Haji alituletea chai na mandazi, akachungulia ndani, akaniuliza kama ninahitaji mto wa kulalia. Jumanne jioni Haji akagonga. *Ngaaa*. Tulipiga makofi kama watu waliozaliwa upya.

*

Jumatano nililipwa, baada ya Mzee Omuse, aliyeitwa wa kwanza. Bwana Sospeter alilitamka jina langu vizuri. Nadhani alikuwa amelifanyia mazoezi. Sikungoja wenzangu. Nilidandia pikapu ya kwanza ya Malaba, nikiwa na mpango: nikomboe pima maji, niifute mvuke, niibebe hadi Amukura, na Mzee Omuse asijue kamwe.

Niliingia kwa Mama Nekesa nikihema. Pima maji ilikuwa palepale juu ya sufuria. Lakini nyuma ya mlango, mahali ambapo mteja aliyekaa mezani hawezi kupaona, alikuwa amesimama mtu mfupi mwenye kofia ya kitambaa, amenipa mgongo, anafungua kamba kutoka msumari mwingine. Aligeuka. Mkononi alikuwa na mwiko. Niliujua ule mwiko. Mpini wake ulikuwa umelika kwa umbo la kiganja kimoja tu duniani.

Hapo nikaelewa ugonjwa wa mgongo. Nikaelewa kidole kilichoelekeza wiki zote zile, na kwa nini aliuliza habari za pima maji yangu kila asubuhi, kabla mtu hajapata nafasi ya kuuliza habari za mwiko wake.

Niliweka deni langu juu ya meza. Mama Nekesa alihesabu pesa zake na kutazama dari.

Mzee akaja polepole, akaishusha yeye mwenyewe pima maji yangu, akaifuta kioo kwa mkono wa shati. Akailaza juu ya meza ndefu. Kiputo kikakimbia chote upande mmoja.

"Mama," akasema, "meza yako imeinama."

"Wiki nane mnakula hapo, ndio mnaona leo?"

Alivua kofia. Akatoa karatasi ya Festo, akaisoma mara ya mwisho, *Mimi nitalipa wote Jumamosi*, akaikunja mara mbili, mara nne, mara nane. Akapiga magoti bila mgongo kumuuma hata kidogo, akaisukuma chini ya mguu wa meza ulioelekea Uganda. Kiputo kikarudi, kikasitasita, kikasimama katikati.

"Sasa Festo amefanya kazi," akasema.

Chai ililetwa. Niliweka kikombe changu, nikakiachia, nacho kikabaki mahali pake. Nilikuwa na neno moja kooni na sikujua kama bado ni langu.

"Mwalimu," nikajaribu.

Aliutazama mwiko wake pale mezani, akaitazama pima maji yangu kando yake. Akanywa chai.

"Naam," akaitika.